Baridi yabisi au saratani ya mfupa? Magoti mawili na njia zake za tiba

Ikifika Julai hapa Mbeya, kila goti linalouma linauma kwa sababu ya baridi. Mama muuza viazi wa Uyole atakuambia ni baridi. Dereva wa lori aliyekesha Tunduma atakuambia ni baridi. Mtoto wa shule aliyechezewa rafu akianza kuchechemea, nyumbani wataamua kuwa baridi imeingia kwenye mfupa. Lugha yenyewe imetupa jina, baridi yabisi, na huku Nyanda za Juu Kusini, ambako Njombe na Makete nyasi huamkia sakitu, jina hilo linaaminika upesi. Tabu yake ni kwamba linafunika magonjwa kadhaa yasiyofanana, na mojawapo si ugonjwa wa kiungo kabisa. Ni saratani ya mfupa.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kazi yangu ni kupokea magoti, nyonga na mabega ya watu, kuyapima na kuyarudisha kazini. Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya yule aliye nyumbani anayejiuliza: hili goti la mama tulichue au tulipeleke? Na la mtoto je? Jibu langu nalitoa mapema. Goti la mtu mzima linalouma akitembea na kutulia akikaa lina muda wa kujaribiwa mazoezi na dawa. Mfupa wa kijana unaouma usiku akiwa amelala, wenye uvimbe usioshuka baada ya wiki mbili au tatu, hauna muda huo. Huo ni eksirei kwanza, mengine yote baadaye.

Magoti mawili kwenye benchi moja

Asubuhi moja waliketi kwenye benchi letu wagonjwa wawili wasiojuana. Wa kwanza mama wa miaka 61, kajitanda khanga mbili, mkononi mkongojo wa mkaratusi. Wa pili kijana wa miaka 15 kutoka upande wa Mbalizi, kaletwa na baba yake mdogo.

"Shikamoo mama. Goti linakuuma wapi?"

"Marahaba mwanangu. Lote," akalifunika goti zima kwa kiganja. "Nikipanda mlima linanikatalia. Nikikaa linatulia. Asubuhi linakaza kidogo, nikishachota maji na kuwasha moto linalegea."

Kijana hakutumia kiganja. Aliweka vidole viwili juu ya pia ya goti, upande wa ndani, kwenye mfupa wa paja wenyewe. Nilipomuuliza kuhusu usiku, aliinama, akajibu baba yake mdogo: "Analia, daktari. Tunampa panadoli, ikifika saa nane ameamka tena." Mimi si daktari, lakini sikuona sababu ya kumsahihisha wakati ule.

Nilipima mapaja yote mawili kwa utepe, sentimita 10 juu ya pia ya goti. Mguu unaouma ulizidi mzima kwa sentimita 4. Ngozi ilikuwa inang'aa, ina joto, na mishipa imejichora juu yake. Juu ya uvimbe kulikuwa na chale, mistari miwili miwili, bado na weusi wa dawa iliyopakwa. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu aangushwe mpirani, na familia ilikwishafunga hesabu kwamba chanzo ni mpira.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Kuanguka hakuleti saratani ya mfupa. Kuanguka humfanya mtu aliangalie goti ambalo ndani yake jambo lilikwishaanza. Jeraha la mpira hupungua wiki hadi wiki: leo anachechemea, wiki ijayo anatembea, mwezi ujao anaomba viatu vyake. Uvimbe wa saratani hufuata njia ya kinyume, unaongezeka wakati maelezo ya nyumbani yanabaki yale yale.

Umri nao unasema. Saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe na inayoonekana zaidi kwa vijana huitwa osteosakoma. Huwapata hasa walio kati ya miaka 10 na 25, wakati mifupa inarefuka kwa kasi, na mahali inapopenda ni kando ya goti: ncha ya chini ya mfupa wa paja, kisha ncha ya juu ya muundi, halafu sehemu ya juu ya mkono karibu na bega. Mama wa miaka 61 ana hesabu nyingine. Kwa umri wake saratani ikikutwa mfupani mara nyingi imesafiri kutoka kwingine: titi, pafu, figo au tezi ya shingo, na kwa wanaume tezi dume. Kwa hiyo mtu mzima aliyewahi kutibiwa saratani ya titi akianza kuumwa mgongo au nyonga usiku na mchana, huyo naye asiambiwe ni baridi.

Nisiache upande mmoja wa ukweli: goti la mzee lililosagika sana linaweza pia kuuma usiku. Lakini limefika hapo kwa miaka, si kwa wiki nane, na mara nyingi limeambatana na mwenzake wa upande wa pili. Paja la mtu mwenye goti la namna hiyo kwa kawaida hupungua kwa kutotumika. Halinenepi.

Eksirei inavyowatofautisha

Eksirei ya mama ilionyesha nafasi kati ya mifupa imebana upande wa ndani, na kingo za mfupa zimeota vijimiba. Ni gegedu lililolika, lile tabaka laini linalokaa kwenye ncha za mifupa ili zisisuguane kavu. Mfupa wenyewe ulikuwa mzima.

Ya kijana ilikuwa picha nyingine kabisa. Nafasi ya goti ilikuwa safi, gegedu halina neno. Juu yake, ndani ya mfupa wa paja, kulikuwa na eneo lililochafuka, na kutoka hapo mfupa mpya umetawanyika kuelekea kwenye nyama kama miale ya jua linapochomoza. Pembeni gamba la nje la mfupa lilikuwa limeinuliwa, likatengeneza pembetatu ndogo. Pembetatu hiyo inaitwa kwa jina la Ernest Codman, mpasuaji wa Boston, Marekani, aliyeanza kukusanya kumbukumbu za wagonjwa wa sarkoma ya mfupa, yaani saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe, katika miaka ya 1920, kwa sababu daktari mmoja mmoja alikuwa anaona wagonjwa wachache mno kujifunza lolote. Ikionekana si hukumu, kwani maambukizi ndani ya mfupa na hali nyingine chache zinaweza kuiiga. Ila hakuna mtu mwenye busara anayeendelea kuchua mguu baada ya kuiona.

Na kuhusu kuchua, nitasema bila kuzunguka. Mwaka 2010 watafiti wa Taiwan walilinganisha wagonjwa wa osteosakoma waliochuliwa na kunyooshwa kabla ya kugunduliwa na wale ambao hawakuguswa. Waliochuliwa walikuwa na saratani iliyosambaa zaidi mapafuni, na wachache zaidi walibaki hai baada ya miaka mitano. Utafiti wa namna hiyo peke yake hauthibitishi kwamba kuchua ndiko kulikosambaza, maana waliochuliwa pia walichelewa. Kwangu sababu zote mbili zinatosha. Wazee wetu wanaounga mifupa wana mikono ya thamani kwa mfupa uliovunjika na unaojulikana kuwa umevunjika. Uvimbe ambao haujapigwa picha si kazi yao, wala si yangu.

Yanayofanana na hayo mawili

Kati ya goti la mama na mguu wa kijana kuna magonjwa mengine ambayo nayo hubatizwa jina la baridi.

La haraka kuliko yote ni usaha ndani ya kiungo. Mtoto ana homa, goti au nyonga imevimba, hataki hata kuguswa, hawezi kukanyaga. Huyo hasubiri kesho. Gegedu huharibika ndani ya siku chache, na tiba ni kutoa usaha pamoja na dawa za kuua bakteria kwenye mshipa. Mtoto mwenye selimundu anahitaji jicho la pekee, kwa kuwa maumivu yake ya mifupa yanaweza kuwa selimundu yenyewe au maambukizi ndani ya mfupa, na eksirei ya siku za mwanzo za maambukizi huweza kuonekana safi. Kama maumivu yanaendelea, picha irudiwe baada ya wiki mbili.

Jongo linakuja ghafla, mara nyingi usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu: chekundu, hakivumilii hata shuka. Asidi ya yuriki imezidi kwenye damu na kutengeneza fuwele kwenye kiungo. Bia na nyama nyingi huchochea. Hutibika vizuri.

Kifua kikuu cha kiungo huenda taratibu kwa miezi, goti linavimba bila kelele na paja linakonda. Kwa mkoa wowote wenye kifua kikuu, daktari atakifikiria tu.

Halafu kuna ule ugonjwa ambao vitabu vingi huupa jina lenyewe la baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili inashambulia viungo vya mwenyewe. Huu hupendelea wanawake, huanza kwenye viungo vidogo vya vidole na viganja, kulia na kushoto kwa pamoja. Mkazo wake wa asubuhi unazidi nusu saa, wakati mwingine saa nzima na zaidi. Yule mama wa kwenye benchi goti lake lilikuwa likilegea akishachota maji na kuwasha moto, kwa hiyo hakuwa huko. Mwanamke ambaye hadi saa nne asubuhi hawezi kufunga vifungo vya mtoto anayekwenda shule, huyo apimwe damu mapema, kwa kuwa ugonjwa huu ukianza kutibiwa ndani ya miezi michache ya mwanzo mara nyingi vidole havipindi.

Dawa moja, magonjwa mawili

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata watu waliosoma. Methotreksati hutibu baridi yabisi ya kinga, na methotreksati hiyo hiyo hutibu osteosakoma. Mgonjwa akisoma karatasi ya dawa na kuona neno saratani, anaitupa. Nimeona mama akiitupa, akarudi mwaka mmoja baadaye vidole vimeelekea upande mmoja.

Tofauti ni kipimo. Kwa viungo, mgonjwa humeza miligramu 7.5 hadi 25 mara moja kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki. Kwa osteosakoma, hospitali zenye uwezo hutoa gramu 12 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kwa mshipa, kisha hutoa dawa nyingine ya kuzuia sumu yake na kupima damu kila siku mpaka itoke mwilini. Ile ya kwanza hutuliza kinga iliyopagawa. Ya pili inaua seli zinazojigawa kwa kasi.

Kama unaanza ile ya viungo, shika neno moja: wiki. Wapo watu duniani waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa kudhani ni kama dawa nyingine. Chagua siku yako, Jumapili baada ya ibada au Jumatatu ya gulio, na siku hiyo isibadilike. Haimfai mjamzito wala anayetafuta mimba, na haipatani na pombe, ikiwemo ulanzi. Daktari atapima ini na damu kabla na baada ya kuanza.

Zipo dawa nyingine ambazo ningependa zitoke kwenye mifuko ya kaki ya madukani: prednisoloni na deksamethasoni, dawa za jamii ya steroidi, zinazouzwa kwa hesabu ya vidonge kama pipi. Zinatuliza kiungo chochote, ndiyo maana zinapendwa, na ndiyo maana ni hatari. Zinaficha ugonjwa. Zikitumiwa miezi mingi zinapandisha sukari na presha, zinalegeza mifupa, na huweza kuua kichwa cha nyonga kwa kukikosesha damu. Ukiambiwa kuna dawa ya mitishamba ya unga iliyoondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili, na uso wa anayeitumia umeanza kuwa wa mviringo, shuku kwamba imechanganywa na hizi. Lakini aliyekwishazimeza wiki nyingi asiziache ghafla. Aende zipunguzwe kwa mpango.

Goti la mama: mazoezi, vidonge, sindano, au goti bandia

Goti la mama lina njia nyingi, na mpangilio wake ni muhimu kuliko wingi wake.

Mimi naanza na mazoezi. Nayapendelea kwa sababu ni kazi yangu, lakini tafiti nazo zinaniunga mkono: misuli ya mbele ya paja ikiimarika, maumivu ya goti lililosagika hupungua karibu sawa na vidonge, bila kidonda cha tumbo. Mama alijifunza matatu tu. Kunyoosha mguu akiwa ameketi na kuushikilia hewani hesabu kumi. Kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu. Kupanda ngazi moja ya mlango na kushuka taratibu. Mara tatu au zaidi kwa wiki, kwa wiki sita kabla ya kuhukumu.

Uzito nao unabebwa na goti kuliko tunavyodhani. Watafiti wa Marekani waliopima watu wanene wenye magoti mabovu mwaka 2005 walikuta kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Mama anapanda kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwake kila siku. Hatua hizo ni nyingi.

Na mkongojo! Aliushika upande wa goti linalouma, kama wanavyofanya karibu wote. Uhamishe. Goti la kulia likiuma, mkongojo ukae mkono wa kushoto, uende mbele pamoja na mguu unaouma. Alijaribu hatua sita kwenye veranda yetu, akasimama, akaniangalia, akasema, "Kumbe."

Ibuprofeni na diklofenaki zinasaidia, kwa siku chache, baada ya chakula. Zisifanywe mboga ya kila siku, hasa kwa mwenye presha, figo dhaifu au historia ya vidonda vya tumbo. Diklofenaki ya kupaka ni salama zaidi na kwa goti inafanya kazi. Virutubisho vya glukosamini vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi kwa kopo, mimi sivinunui. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2006, wenye wagonjwa 1,583, haukuona kwa ujumla tofauti kati yake na kidonge kisicho na dawa.

Sindano ya steroidi ndani ya goti hutoa nafuu ya wiki kadhaa. Ni nzuri mara moja moja, tuseme binti anaolewa na mama anataka kusimama siku hiyo. Ikifanywa desturi hali hubadilika: mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa watu 140 waliochomwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili, nusu yao dawa na nusu maji ya chumvi. Waliochomwa dawa walipoteza gegedu zaidi, na maumivu hayakutofautiana. Kusafisha goti kwa kamera nako kulilinganishwa na upasuaji wa kuigiza mwaka 2002 kwa wagonjwa 180, na hakukuwa bora. Ukishauriwa kulipia usafishaji huo kwa goti lililosagika tu, omba maoni ya pili.

Goti bandia ni upasuaji mzuri kwa anayeuhitaji. Kumbukumbu za nchi zinazoandikisha kila upasuaji zinaonyesha magoti bandia kamili karibu 82 kati ya 100 bado yapo kazini baada ya miaka 25. Lakini si pa kuanzia. Huko Denmark mwaka 2015 wagonjwa 100 waligawanywa, nusu wakabadilishiwa goti kisha wakafanya mazoezi, nusu wakapewa mazoezi, elimu, ushauri wa chakula na dawa bila kupasuliwa. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi, na pia matatizo makubwa zaidi. Wa upande wa pili, 13 tu kati ya 50 waliishia kupasuliwa ndani ya mwaka. Kwa mama wa miaka 61 anayelima bustani na kuchuchumaa, ningesubiri mpaka goti limnyime usingizi na njia ya sokoni. Goti bandia halipendi kuchuchumaa.

Mguu wa kijana: kukata au kuokoa

Kabla ya swali la kisu kuna swali la dawa, na hapa familia nyingi hupotea. Wanadhani mguu ukikatwa ugonjwa umekatwa. Osteosakoma ikigunduliwa, kwa wagonjwa wengi mbegu ndogo zisizoonekana zimekwishafika mapafuni. Zamani mguu ulikatwa na mgonjwa akarudishwa nyumbani, na wengi sana walifariki. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 uliweka hesabu wazi: miaka miwili baada ya upasuaji, waliofanyiwa upasuaji peke yake na kubaki bila ugonjwa walikuwa asilimia 17. Walioongezewa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, walikuwa asilimia 66. Terry Fox wa Kanada, kijana aliyekatwa mguu kwa osteosakoma mwaka 1977 akiwa na miaka 18, alikimbia kwa mguu bandia kilomita 5,373 kwa siku 143 mwaka 1980. Kilichomsimamisha si mguu, ni mapafu. Alifariki mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mpango wa leo ni kemo kwanza kwa wiki kama 10, kisha upasuaji, kisha kemo tena, jumla miezi mingi ya kukaa karibu na hospitali. Doksorubisini na sisplatini ndizo nguzo. Methotreksati ya kipimo kikubwa huongezwa pale maabara inapoweza kuifuatilia. Mionzi ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi ya kisu hapa, kwani osteosakoma huivumilia. Sarkoma nyingine ya vijana, ya Ewing, husikia mionzi, lakini kwa watu wenye asili ya Afrika ni adimu sana.

Sasa kisu. Mwaka 1994 zilikusanywa kumbukumbu za wagonjwa 227 wenye osteosakoma juu ya goti, mahali pale pale pa kijana wetu. Wengine waliondolewa kipande cha mfupa na kubakiziwa mguu, wengine walikatwa juu ya goti, wengine walitolewa mguu kuanzia nyongani. Ugonjwa ulirudi pale pale kwa 8 kati ya 73 waliobakiziwa mguu, kwa 9 kati ya 115 waliokatwa juu ya goti, na hakuna hata mmoja kati ya 39 waliotolewa nyongani. Hata hivyo idadi ya waliobaki hai haikutofautiana. Ndiyo maana madaktari husema kuokoa mguu si uzembe na kukata si ukatili.

Kuokoa mguu kunafaa pale uvimbe haujakumbatia mishipa mikubwa ya damu na neva, kemo inapatikana bila kukatika, kifaa bandia cha kuziba pengo kipo, na familia inaweza kurudi hospitali mara kwa mara kwa miaka. Kifaa hicho huweza kulegea, kuvunjika au kuingia maambukizi, na mtoto anayekua atakizidi urefu. Kukata hutoa upasuaji mmoja, kidonda kinachopona mapema, na nafasi ya kuendelea na kemo bila kuchelewa. Kinachofuata ni mguu bandia unaobadilishwa kadiri mtoto anavyokua. Tanzania ina mafundi wake wa viungo bandia, wanaofunzwa Moshi tangu miaka ya 1980. Ipo pia njia ya tatu isiyozoeleka kwetu, ambapo sehemu ya goti huondolewa, mguu wa chini ukageuzwa nyuma mbele na kuungwa juu, ili kifundo kifanye kazi ya goti ndani ya mguu bandia. Macho huhitaji muda kuizoea. Watoto walioipata hukimbia.

Kwa kijana wa Mbalizi, uvimbe ulikuwa umezunguka mishipa nyuma ya goti. Baba yake mdogo aliniuliza kama ingekuwa mwanangu ningefanyaje. Nilimwambia: ningeuliza kwanza kama kemo ipo na itaendelea, kisha ningekubali akatwe, kwa sababu mguu uliookolewa nusunusu kwenye milima yetu, mbali na aliyeuunda, ungemtesa. Angekuwa na uvimbe mdogo ulio mbali na mishipa, ningejibu tofauti.

Wapi kwanza, wapi baadaye

Zahanati haina eksirei. Hospitali ya wilaya inayo, na hospitali za misheni kama Ikonda, Ilembula au Tosamaganga zimekuwa kimbilio la watu wa Makete, Wanging'ombe na Iringa kwa miaka mingi. Eksirei ipigwe popote palipo karibu. Kipimo cha pili, kukata kinyama, yaani kutoa kipande cha uvimbe kikapimwe maabara, kisifanyike popote palipo karibu.

Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kupokea binti ambaye uvimbe wake wa muundi ulipasuliwa kama jipu mahali fulani, kwa mkato wa kulala, wakitafuta usaha ambao haukuwepo. Saratani iliyokuwa imefungwa ndani ya mfupa ilimwagika kwenye nyama kila upande, na mguu ambao pengine ungeokolewa ukawa hauwezi tena. Henry Mankin na wenzake wa Marekani walilifuatilia jambo hili mwaka 1982, wakalirudia mwaka 1996: makosa na madhara yalikuwa mara mbili hadi kumi na mbili zaidi pale kinyama kilipochukuliwa kwenye hospitali iliyompeleka mgonjwa badala ya ile iliyokuja kumtibu. Njia ya sindano au mkato lazima iondolewe pamoja na uvimbe siku ya upasuaji, kwa hiyo anayeipanga awe yule atakayepasua.

Mfuatano ninaoushauri kwa mtu wa huku: eksirei wilayani, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kwa picha ya kifua, vipimo vya damu na barua, kisha Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Mifupa, MOI, iko ndani ya eneo moja na Muhimbili yenye wodi ya watoto wenye saratani, na Ocean Road, taasisi ya saratani, haiko mbali. Mtu wa Iringa ana safari fupi zaidi kuteremka Kitonga, takriban kilomita 500, wakati wa Mbeya ana zaidi ya 800. Kabla ya kuuza ng'ombe kwa nauli, mwoneni ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ndiye anayejua msamaha wa gharama na mahali pa kulala kwa anayeuguza.

Bahasha ya kijana ilikuwa na eksirei mbili zilizobanwa kati ya makaratasi magumu ya boksi ili zisipinde, majibu ya damu, na barua yenye tarehe ya siku maumivu yalipoanza, tarehe ya chale, na majina ya dawa zote alizomeza. Kwenye stendi kondakta alitaka kuitupia kwenye buti pamoja na begi. Baba yake mdogo alikataa, akapanda nayo, akaiweka mapajani.